Kiluba cha Nyuma ya Nyumba

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote katika nyumba yetu ni ya watu wawili wakizungumza lugha nisiyoijua. Ilianza kila siku saa kumi alasiri, Papa aliporudi kazini na nguo zake zikinuka mafuta ya mashine. Alivua viatu mlangoni, akatuuliza kama tumekula, kisha akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, ambako Mama alikuwa amekwisha kuwasha mbabula, lile jiko letu la makaa. Mama alimpa maji ya kunawa, akamwekea kigoda, na hapo wakaanza. Kiluba chao kilikuwa cha sauti ya chini, kisicho na haraka, kikichanganyika na harufu ya ndakala, dagaa wa ziwani, waliokuwa wakikaangwa, na mara moja moja kikisimama kabisa, ukasikia mwiko tu ukigusa sufuria. Mimi na mdogo wangu Feza tulikaa upande wa pili wa ukuta tukichambua maharage au kumaliza kazi za shule. Hakuna aliyetufukuza. Hapakuwa na haja, kwa sababu hatukuelewa kitu; ndivyo walivyoamini wao, na ndivyo nilivyoamini mimi.

Kalemie ilikuwa bado inaitwa Albertville. Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba za matofali zilizopangwa safu kwa safu juu kidogo ya mji, na kutoka mlangoni uliona ziwa lote na mabehewa yakisukumwa polepole kuelekea bandarini. Kazi ya Papa ilikuwa kubadilisha njia. Alivuta mkono mzito wa chuma, reli ikahama upande, na behewa la pamba likaenda kwenye meli badala ya kwenda gereji. Yeye na Mama walitoka Kiambi, upande wa Manono, ambako mto Luvua unapita, lakini sisi tulizaliwa mjini. Katika miaka ya vita vya kujitenga kwa Katanga, lugha ya mtu ilitosha kumletea mashaka barabarani, kwa hiyo wazazi wetu waliamua kwamba watoto watajua Kiswahili, na Kifaransa cha shule, basi. Vita viliisha mwanzoni mwa mwaka 1963. Mazoea hayakuisha. Kwa wakati ule Kiluba kilikuwa kimekuwa chumba chao cha faragha, katika nyumba ambayo haikuwa na vyumba vya kutosha, na nadhani wasingekiacha hata kama amani ingekuja na barua ya kuwaruhusu.

Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, Feza minane. Kati yetu walizaliwa wawili ambao hawakukaa, na labda ndiyo sababu Mama alinikabidhi Feza mgongoni mapema sana, kana kwamba watu wawili wa kumshika wangemfanya abaki. Akabaki, tena akabaki na kichwa ambacho hatukujua kimetoka wapi. Alijua kusoma akiwa na miaka minne, bila kufundishwa, kwa kuangalia maandishi ya magunia ya unga wakati mimi nikipanga foleni dukani. Akiwa na miaka sita alirudi kutoka misa na kumrudishia Mama mahubiri yote ya padre, pamoja na kikohozi chake, mahali palepale alipokohoa. Wanaume wa reli walimsimamisha njiani wakamtajia namba za mabehewa yaliyopita asubuhi, na yeye akazijumlisha kabla hawajamaliza kucheka. Shuleni, kwa watawa, walimrusha darasa mara mbili. Mwezi wa pili wa mwaka huo mlango wa darasa la tano ulifunguliwa, Madamu Agata, mwalimu wetu, akaingia akimshika mkono mtoto mdogo ambaye miguu yake haikufika chini alipokaa kwenye benchi. Alikuwa Feza, na benchi lilikuwa langu.

Sitadanganya kwamba nilimwonea fahari. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimembeba, nimemwosha, nimemchana nywele, nimempeleka shule kwenye mvua na kumrudisha kwenye jua, na sasa kila nilipoinua mkono kujibu, yeye alikuwa amekwisha kujibu. Nilikuwa mwanafunzi wa katikati, mwenye mwandiko mzuri na hesabu za kubahatisha. Watu walipokuja nyumbani walimwita Feza asome gazeti, kisha wakanigeukia mimi na kuniambia kwa upole kwamba nimekua, tena najua kupika. Nilijua maana ya upole ule. Ni upole anaopewa mtu ambaye hakuna kinachosubiriwa kutoka kwake.

Mwezi wa tatu, mtawa mkuu, ambaye sote tulimwita Mamere, alipanda mwenyewe hadi nyumbani kwetu. Mama alifuta kiti mara tatu kabla ya kumkaribisha. Mamere alieleza kwamba kule kusini, mwendo wa siku nzima kwa meli, palikuwa na shule ya bweni ya watawa wenzake, na kwamba mwezi wa sita kungekuwa na mtihani wa kuchagua wasichana wachache. Feza angekuwa mdogo kuliko wote, lakini yeye Mamere angemsimamia. Papa, ambaye nyumbani hakuwa mtu wa maneno, alisimama akashukuru kwa Kifaransa, akakosea, akashukuru tena kwa Kiswahili. Alipoondoka Mamere, Mama alikaa kwenye kile kiti akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaniambia, "Rejina, kateke maji."

Wiki ile ile habari nyingine ikafika. Fundi mmoja aliyerudi kwa treni kutoka Kabalo alileta ujumbe kwamba mama yake Papa, nyanya yetu tuliyemwita Nkambo ingawa hatukuwahi kumwona, alikuwa amepoteza macho. Aliishi Kiambi peke yake. Mdogo wake Papa, aliyekuwa akimtunza, alifariki wakati wa vita. Hilo tulilijua, kwa sababu Mama alinyoa nywele. Sasa majirani ndio waliokuwa wakimpikia Nkambo, kwa zamu, na majirani walikuwa wanaanza kuchoka. Tuliambiwa hayo kwa Kiswahili, kwa ufupi, wakati wa chakula. Mengine yote yalizungumzwa nyuma ya nyumba. Alasiri zile Kiluba kilirefuka. Ndakala waliungua. Mara nilimsikia Papa akipandisha sauti, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, na Mama akimjibu maneno mawili tu.

Ni baada ya hapo Feza akaanza kuanguka. Mwanzoni ilikuwa kosa moja katika hesabu, Madamu Agata akacheka akasema hata malaika wanateleza. Wiki iliyofuata alipata nne juu ya kumi, kisha mbili. Akiitwa mbele ya ubao alisimama na chaki mkononi akaangalia dirishani. Imla yake ikajaa makosa ambayo hata watoto wa darasa la pili hawakuyafanya. Madamu Agata alijaribu upole, akajaribu ukali, akamweka magoti chini pembeni ya darasa, na Feza akapiga magoti bila kulalamika, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri meli. Mamere alipopita darasani alimtazama muda mrefu. "Mtoto huyu ni mgonjwa," akasema, na kuandika barua kwa wazazi.

Nyumbani palikuwa na hofu. Mama alisema ni macho ya watu, ni wale wa relini waliokuwa wakimsifia mtoto ovyo barabarani. Alimpeleka hospitali, wakampima homa, hakuwa na homa. Alimpeleka kwa mama mmoja wa sala. Papa alikaa naye jioni mezani, kidole chake kinene chenye mafuta meusi kikifuata mistari ya kitabu ambacho yeye mwenyewe alikisoma kwa shida, akimwomba, "Feza, soma tu hii. Hii tu." Feza alisoma vibaya. Papa alifunga kitabu, akashika kichwa.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeanza kulala vizuri. Naandika haya nikiwa mwanamke mzee na bado naona aibu. Katika ripoti ya Pasaka nilikuwa wa saba na Feza wa ishirini na tisa, na nilipomsomea Mama alisema, "Walau weye," akanipa kichwa cha samaki, sehemu ambayo kwa kawaida ilikuwa ya Papa. Niliila yote.

Niligundua siku moja baada ya shule, mwezi wa tano, mvua zilipokuwa zinakatika. Mama alikuwa ametutuma ziwani kuosha vyombo. Nilikuwa nimeinama nikisugua sufuria kwa mchanga, na nilipogeuka kumwambia Feza anipe sahani nilimkuta ameweka kibao chake cha kuandikia magotini. Alikuwa akifanya hesabu za kesho, zile za sehemu zilizotutesa darasa zima. Aliziandika haraka, bila kusimama, moja baada ya nyingine, nami nikaona kwamba ile ya kwanza ni sahihi, kwa sababu tulikuwa tumeifanya pamoja na Madamu ubaoni. Alipofika mwisho alizitazama. Kisha akalowesha kidole mdomoni na kuanza kufuta majibu, moja moja, akiweka mengine mahali pake. Alichagua makosa kwa uangalifu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

Alificha kibao nyuma yake, akaona nimekwisha kuona, akakirudisha magotini.

"Nafanya zisikuwe muzuri."

"Juu ya nini?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mdogo. "Juu Papa na Mama walisema mumoja wetu ataenda Kiambi kukaa na Nkambo, kabisa, asirudi shule. Mama alisema ni weye njo utaenda, juu kama weye unatoka shule, shule haipoteze kitu. Miye nikawaza, kama miye pia niko hivyo, basi hawatajua wachague nani."

"Walikuambia wakati gani?"

"Hawakuniambia. Wanasemaga pale nyuma."

"Wanasema Kiluba."

"Ndiyo," akasema Feza. "Kiluba."

Nilimwuliza tangu lini anaelewa. Hakujua. Alisema kwanza yalikuwa kelele, halafu siku moja yakawa maneno, na alidhani mimi pia nayaelewa, mpaka alipoona kwamba sikulia siku Mama aliposema lile la shule kutopoteza kitu. Akajua basi kwamba sielewi. Hakuniambia kwa sababu hakutaka nilie. Maji ya ziwa yalikuwa yakija na kurudi kwenye sufuria zetu, na sahani moja ya bati ikaanza kuelea ikienda, Feza akaingia hadi magotini kuishika.

Mtu mwema angerudi nyumbani siku ile ile na kusema. Mimi nilibeba vyombo kichwani, nikapanda mlima, nikanyamaza. Nilinyamaza wiki tatu. Kila asubuhi nilimwona mdogo wangu akienda kujifanya mjinga kwa ajili yangu, akipiga magoti kwa ajili yangu, na kila asubuhi nilijiambia kwamba kesho nitasema. Sikutaka Kiambi. Sikutaka kufungiwa na kipofu nisiyemjua katika kijiji ambacho lugha yake sikuielewa. Lakini haikuwa hofu peke yake. Yale maneno ya Mama yalikuwa yameingia mahali fulani ndani yangu na kukaa kama mwiba, na sehemu ya moyo wangu ilitaka shule ipoteze kitu, ipoteze kile ilichokipenda, ili sote tuwe sawa. Usiku nilimfunika Feza shuka vizuri kuliko zamani. Ndiyo malipo pekee niliyomlipa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, Feza alinifuata uani nilikokuwa nikianua nguo. Mtihani ulikuwa wiki mbili mbele, na Mamere alikuwa amekwisha kutuma neno kwamba jina la Feza litaondolewa.

"Wamebadilisha," akaniambia. "Sasa njo miye nitaenda Kiambi. Papa amesema weye unaanza kufanya vizuri, usikatwe. Na miye, pengine hewa ya kule itanitengeneza kichwa." Alikuwa ametulia. Kisha akaniuliza jambo ambalo mtoto wa miaka minane huuliza, hata akiwa na kichwa cha namna gani: "Nkambo iko anapigaga batoto?"

Nikaacha nguo pale pale kwenye kamba.

Jumapili baada ya misa tulikula pamoja, wanne, bugali na mboga ya matembele na samaki. Nilisubiri Papa anawe, nikasema, "Papa, Feza si mujinga. Anafanya makusudi. Anasikia Kiluba."

Mama alicheka kidogo. "Kiluba gani? Nani alimufundisha?"

"Yenu," nikasema. "Ya pale nyuma."

Papa alimgeukia Feza, akamwambia kitu kifupi kwa Kiluba, nadhani alimwuliza tu kama ni kweli. Na Feza akajibu. Alijibu kwa Kiluba, kwa sauti nyembamba, na alipoanza hakuweza tena kusimama. Aliyarudisha yote, alasiri baada ya alasiri, kama alivyokuwa akirudisha mahubiri ya padre. Nilijua ni nani anayesema kwa jinsi alivyobadilisha sauti: hapa alikuwa Mama, taratibu, hapa alikuwa Papa, kooni. Sikuelewa neno hata moja, lakini niliwaona wazazi wangu wakijisikiliza. Mama aliweka mkono mdomoni. Papa alikuwa akimtazama mtoto, halafu ghafla akaacha kumtazama, akatazama mikono yake, na Mama akasema kwa Kiswahili, "Basi, mwana wangu. Basi."

"Sema na kwa Kiswahili," nikamwambia Feza. Nilikuwa nimekasirika sasa. "Nataka nisikie miye pia."

Feza alimtazama Papa. Papa hakumkataza. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kile ambacho kilikuwa nyuma ya mambo yote. Mama alikuwa amemwambia Papa, si mara moja, kwamba aende Kiambi yeye mwenyewe akamchukue mama yake. Na Papa alikuwa amejibu hivi, nami nayaandika kama Feza alivyoyasema, macho yake yakiwa kwenye sahani: "Mudogo wangu alikufa kule, na miye nilikuwa hapa, nafungulia njia treni zilizobeba maaskari wa kwenda kule. Sikwenda kumulilia. Nitaingia kwa mama na uso gani? Mutoto aende. Mutoto hana kosa."

Hakuna aliyekula tena. Papa aliinuka, akatoka, nikamwona kwa mlango akisimama barabarani, mgongo wake kwetu, mkono wa kulia ukifunguka na kujifunga kama vile ulikuwa bado umeshika chuma. Nilidhani Mama angenipiga. Alikusanya sahani tu. Alipofika kwangu alisimama, na sikumbuki kama niliwahi kumwona amechoka namna ile, hata siku za misiba.

"Lile neno la shule," akasema. "Nililisema. Siwezi kusema sikulisema." Akangoja, labda nimwambie si kitu. Sikumwambia. Akaendelea, "Miye sikuwekwaga shule hata siku moja, Rejina. Niliwaza kama ni kupoteza, tupoteze kidogo." Kisha akabeba sahani akaenda nazo nyuma.

Papa aliporudi alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka kazini. Alimwambia Mama, kwa Kiswahili, mbele yetu, "Nitaomba ruhusa. Nitaenda miye." Mama akamjibu kwa Kiswahili, "Ni vizuri." Hayo tu. Siku iliyofuata Mama alivaa kitenge chake cha misa akaenda kwa Mamere kusema kwamba mtoto alikuwa na jambo moyoni na sasa limetoka, na kumwomba asifute jina. Sijui Mamere alielewa nini, lakini alimpa Feza maswali pale pale ofisini kwake, kwa mdomo, na baada ya robo saa akamrudisha kwa Mama, akatoa daftari na kuandika jina upya.

Feza alifaulu. Watu wa reli walishangilia kuliko sisi. Papa alikuwa njiani siku ile, kwa treni hadi Kabalo, kisha kwa lori, kisha kwa miguu. Alikaa huko wiki tatu. Alirudi amekonda, akimwongoza mkono mwanamke mdogo sana, mweupe wa nywele, aliyenusa hewa ya ziwa akacheka na kusema kitu ambacho Feza alitutafsiria: kwamba hajawahi kusikia maji mengi hivi yakikosa mahali pa kwenda. Yaliyopita kati ya Papa na mama yake Kiambi hatukuambiwa, na Feza hakuwepo kuyasikia. Ninachojua ni kwamba Nkambo alikuwa na tabia ya kumpapasa Papa uso kila aliporudi kazini, taratibu, paji la uso, mashavu, kidevu, na Papa alikuwa akiinama ili afikiwe.

Nkambo alichukua kitanda changu. Mwezi wa tisa Feza alipanda meli na sanduku la mbao lenye jina lake, na mimi nikabaki na mzee wa kumwosha, kumchana, kumpeleka chooni na kumrudisha. Alinifundisha Kiluba kwa kunigombeza. Mwaka uliofuata waasi waliingia mjini, shule zikafungwa, watu wakakimbilia milimani, na zilipofunguliwa tena sikurudi. Hakuna aliyenikataza, Papa hata aliniuliza mara mbili. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijihisi nina arobaini. Kwa hiyo, ukipiga hesabu, mambo yalikuja kuwa kama Mama alivyopanga tangu mwanzo, isipokuwa Kiambi ilinifuata mimi badala ya mimi kwenda Kiambi. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Bado naona kuna tofauti, ingawa siku nyingine, magoti yanaponiuma, siioni vizuri.

Feza alifundisha hesabu Lubumbashi zaidi ya miaka thelathini. Sasa amestaafu, ananipigia simu kila Jumapili, na bado hasahau kitu: rangi ya nguo ya Madamu Agata, maneno ya wimbo wa kuruka kamba, aina ya samaki tuliyokula siku ile. Zile wiki tatu nilizonyamaza hajawahi kuzitaja. Anajua siku tuliyokuwa ziwani na anajua Jumapili niliyosema, na yeye kuliko mtu yeyote anaweza kutoa moja katika nyingine. Zamani nilidhani ananihurumia. Siku hizi nadhani kwamba alinisamehe akiwa na miaka minane, haraka, kama alivyofanya kila kitu, na hakuona haja ya kurudia.

Mimi nilizaa sita. Mume wangu alipofariki, mambo yakawa magumu, nami nikachagua. Mwanangu Roje aliendelea na masomo, na dada yake Valeria, aliyekuwa wa katikati darasani kama mimi, alibaki nyumbani kunisaidia na wadogo. Wakati ule nilijiambia kwamba si jambo moja na lile la wazazi wangu, kwamba kwetu hapakuwa na siri, kila mtu aliona hali. Leo nyumba yangu ina redio, ina simu nne, wajukuu wanazungumza Kifaransa juu ya kichwa changu, na mtu angesema hakuna kinachofichika tena. Lakini neno lenyewe, lile la kwamba nilimpima binti yangu na kumwona anaweza kupotezwa, sikuwahi kulitamka kwa lugha yoyote.

Kiangazi kilichopita tulikuwa tunafua pamoja, mimi na Valeria, ambaye sasa ana watoto wakubwa. Aliniuliza bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza sabuni iko wapi. "Mama, ile mwaka, juu ya nini ulinitosha miye ku shule?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari, ya miaka mingi. Niliyaacha. Nilimwambia kwamba nilimtazama yeye na Roje, nikaona kwamba shule itapoteza kidogo kwake. Nilimwambia kwamba mama yangu alisema hivyo juu yangu, kwamba nilijua linavyouma, na bado nilifanya.

Aliendelea kufua. Nilisikia maji yakimwagika, nikasikia watoto wa jirani, nami nikangoja kama mtoto aliyeitwa mbele ya ubao. Valeria alitoa shuka kwenye beseni, kubwa, zito kwa maji, akatafuta ncha yake moja, akaninyooshea nyingine. Nikaishika. Tukalikamua pamoja, yeye akizungusha huku na mimi kule, mpaka halikutoa tena maji.